Ndakala Alizobeba Baba Mudogo

Likasi, kambi ya wafanyakazi

Mama yangu mpenzi, huko Kalemie,

Pokea salamu zangu za heshima. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua, uliipata? Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Mke wangu Zaina ni mzima, watoto ni wazima, ila mdogo anakohoa kwa sababu ya moshi wa kiwanda.

Katika barua yako umeuliza mara mbili kama ndakala zilifika, gunia zima la dagaa wakavu, na kama watoto walizipenda. Mama, barua hiyo nimetembea nayo mfukoni wiki tatu. Kila nikishika kalamu, haya inanishika mkono. Watoto hawakuzila. Hata moja. Na kosa ni langu, si la Baba Mudogo aliyezileta.

Nilikwambia kwamba kiwandani zimekuja mashine mpya, na bwana aliyekuja nazo hajui Kifaransa wala Kiswahili, Kiingereza tu. Alitaka mfanyakazi mmoja wa kusimama kati yake na sisi. Tuliteuliwa wawili tujaribiwe, mimi na Ilunga, ambaye tunafanya kazi benchi moja. Kila alasiri tukitoka kazini tulikwenda kwenye baraza ya nyumba yake, na mke wake akatufundisha. Somo la mwanzo lilikuwa jamaa: kutaja ndugu zako, wanaishi wapi, wanafanya nini. Madamu alichora nyumba ndogo kwenye karatasi, ndani yake baba, mama, watoto wawili, basi.

Ilunga akasema kwa Kiingereza chake kwamba ana baba watatu na mama watano. Yee! Madamu alicheka mpaka machozi, akamwita mume wake aje asikie. Akatuambia kila mtu ana baba mmoja tu, hao wengine wana neno lao, anko. Mimi nikaogopa kuchekwa. Zamu yangu ilipofika nikasema: baba yangu alikufa, nina mama, nina dada mmoja. Nimemaliza. Madamu akasema vizuri sana, nami nikafurahi. Baba Mudogo, mdogo wake marehemu baba, aliyenilea tangu nina miaka sita, aliyeuza cherehani yake ili nisome, sikumtaja hata kwa hilo neno lao la anko.

Siku ya mtihani ndiyo siku aliyofika. Zaina alimwelekeza kule barazani, akidhani ananifurahisha. Nikamwona langoni, vumbi la treni mpaka kwenye nyusi, amevaa koti lile la arusi yangu, gunia la ndakala kichwani. Mlinzi anamuuliza kama anavyomwita kila raia, "Sitwayen, unatafuta nani?" Naye anacheka, anajibu kwa sauti, "Natafuta mutoto wangu. Ule pale!"

Ilunga akasimama mara moja, akamvutia kiti chake. "Karibu, baba. Ikala." Mtu asiyemjua kabisa! Mimi nilibaki nimekaa. Madamu akaniuliza kwa Kiingereza, huyu ni nani? Nikawaza: nilikwisha kumwambia baba yangu alikufa. Nikisema huyu ni baba, ataniona mwongo, atanicheka kama alivyomcheka Ilunga, na kazi itanipotea. Nikamwambia: huyu mzee anauza samaki.

Nilisema bila kosa hata moja. Madamu akapiga makofi, akaingia ndani, akatoka na sukari kilo mbili na vipande viwili vya sabuni, akamkabidhi. Mpishi akabeba gunia kulipeleka jikoni. Baba Mudogo hajui Kiingereza. Aliangalia gunia linavyokwenda, akaangalia sukari mikononi mwake, akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia karatasi yangu. Ndipo akainama kidogo, akasema, "Aksanti, mama." Kisha akanigeukia. "Aksanti, bwana." Akatoka.

Aliniita bwana, mama! Mimi ambaye yeye ndiye aliyenishika siku ya kutahiriwa.

Niliporudi nyumbani jua lilikuwa bado juu. Nikakuta watoto wanaramba sukari. Iko mezani, na sabuni pembeni. Zaina akaniambia, "Baba alipita. Anasema sukari ni ya wajukuu, aliitoa Kalemie. Minye nilimwambia alale, akakataa. Anasema alikuona, unasoma, asikusumbue. Kwa nini weye hukurudi naye?" Nilikimbia mpaka stesheni, lakini treni ya Kamina, ya kumrudisha kwenu, ilikuwa imeondoka. Siku tatu njiani, na hakulala kwangu hata usiku mmoja.

Kazi niliipata. Ilunga alikosa. Hajamwambia mtu yeyote kiwandani nilivyomkana mzee wangu, ananisalimu kama zamani, na hiyo ndiyo inayonimaliza. Nilikwenda kumwambia madamu ukweli. Akasema, "Ah, ni anko wako! Mbona hukusema?" Kwake lilikuwa jambo dogo. Nikamwomba gunia. Akasita, akaniambia harufu iliwashinda, samaki wamepewa paka. Ndakala ulizoanika weye kwa mikono yako, na mguu huo mbaya. Nisamehe, mama.

Siku hizi nakunywa chai bila sukari. Zaina anaona, anauliza. Nikishapeleka barua hii posta nitamwambia naye.

Najua Baba Mudogo hakukwambia kitu. Angekwambia, usingeuliza habari za ndakala. Kwa hiyo nakuomba: dada asikusomee barua hii chumbani peke yenu. Waiteni wote, isomwe kwa sauti, na yeye awepo. Likizo ikifika nakuja, hata akinifungia mlango nitakaa hapo nje mpaka afungue.

Nisalimie baba mukubwa mwenye duka la mafuta ya taa. Nisalimie mama mukubwa aliyeninyonyesha ulipokuwa mgonjwa, na mama mudogo wa sokoni, na yule mwingine aliyeolewa Moba. Nisalimie dada na watoto wake, ambao ni wangu. Huku niliwafuta wote kwa sentensi tatu.

Na Baba Mudogo, mwambieni anitukane anavyotaka. Aniite mutoto mubaya, nitaitika. Bwana, asiniite tena.

Ni mimi mtoto wenu,
Ramazani