Swali Ambalo Dada Winfred Hakuuliza

West Bay, Doha
Machi 2014

Dada yangu Winfred,

Mimi ni mzima, ila vumbi limetanda tangu asubuhi na minara inaelea kama imekatwa miguu. Nalinda mlango wa kioo. Watu wanaingia na kutoka bila sauti, na wakati mwingine nahisi huu mlango ndio unaoniota mimi.

Arnold, ninayeishi naye chumba kimoja, amenionyesha gazeti la nyumbani kwenye simu yake. Jina lako limo kati ya mawakili wanaowania uhakimu wa wilaya. Nimefurahi, dada! Miaka yote umewatetea wasio na kitu. Gazeti linasema anayekufahamu aiandikie tume ya mahakama inayoteua mahakimu maoni yake. Nimeandika kwamba ulinitetea bure niliposhtakiwa kuchoma kinu cha Mzee Barasa cha kusaga mahindi, nikaachiliwa. Hapo kalamu ikakwama siku tatu.

Unakumbuka pale seli? Uliniletea chapati, ukasema, "Usiniambie kilichotokea. Niambie tu nani alikuona." Nikasema hakuna. Ukashinda kesi, nami mwezi uliofuata nikapanda ndege.

Joto likizidi hapa, nasikia harufu ya mahindi yakiungua. Hakuna anayechoma mahindi West Bay.

Maoni nimeyatuma: nimesema unafaa. Lakini wakili anaweza kukaa bila kuuliza; hakimu hawezi. Siku utakayoapishwa, dada, nipigie simu uniulize.

Mdogo wako, nisiyebanduka kwenye simu,
Laban