Karatasi ya Suleimani kwenye Jiko la Nyama Choma

Alhamisi, Machi. Mvua ya baridi tangu asubuhi, na mimi sijala.

Wewe unayesoma hapa, nakusihi: usimsomee mtu maneno haya, usimtumie mtu, hata mke wako. Blogu hii naiandika kwa Kiswahili ili bosi wangu asiielewe, na bila jina ili Shangazi asiijue. Wachache mnaojua ni yangu mko katika ushirika wetu wa maombi wa Jumamosi, sisi wa nyumbani tulio huku ughaibuni, na leo mmoja wenu amelishika faili langu la kijani.

Nieleze polepole. Nikiogopa huwa naruka mambo.

Mimi ni karani katika nyumba ya vitabu vya kale hapa mjini. Naorodhesha na kupiga nakala. Tangu Januari nimepewa masanduku ya vitabu vya uchawi wa Wazungu: namna ya kuchora duara sakafuni, kusimama ndani yake na upanga, kumwita pepo kwa jina lake na kumwamuru kwa jina kubwa kuliko lake. Karibu vyote vinadai ni elimu ya Mfalme Suleimani.

Ni uongo. Ukivifuata nyuma unatoka kwenye Kilatini, unapita kwenye Kiarabu na Kigiriki, unaishia Misri ya enzi za Warumi, kwa watu walioandika laana na dawa za mapenzi kwenye mafunjo, zile karatasi za matete, wakichanganya miungu yao na malaika wa Wayahudi. Kila mnakili aliongeza jina la kutisha, akaficha alikolitoa.

Navichukia. Vinalazwa kwenye masanduku laini, ndani ya chumba chenye ubaridi wa kupimwa. Vibuyu vya uganga vya babu yangu kule Kitui vilichomwa na wamisionari mbele ya watoto wake, vikaitwa uchawi. Hakuna aliyevitafutia sanduku.

Jumanne king'ora cha moto kililia kazini. Mezani nilikuwa na karatasi moja halisi, ya Kigiriki, yenye muhuri wa nyota na orodha ya saa za malaika. Niliogopa mabomba ya darini ya kuzimia moto yangeilowesha, nikaiingiza katikati ya nakala zangu ndani ya faili, nikatoka mbio. Nje tukaambiwa twende nyumbani. Nikapanda basi hadi nyumbani, Langley Park, faili kwapani, nikiwaza chakula.

Mimi, ambaye hukagua mlango mara tatu.

Jioni hiyo Shangazi alilikuta faili juu ya meza ya jikoni. Yeye ndiye aliyenipokea katika nchi hii. Nalala chumba cha binti yake aliyeolewa. Hakupiga kelele. Alikaa na sare yake ya kazi, akageuza kurasa kwa ncha ya kisu cha mkate.

"Mwanangu, miaka ishirini nachekwa hapa," alisema. "Kila nyama choma lazima mtu aseme, msikae karibu na Mkamba, atawageuza mbuzi. Nacheka nao. Kumbe wewe unaniletea uchawi wenyewe mpaka jikoni."

Nilimwambia ni vitu vya Wazungu. Akasema shetani hana pasipoti. Kusema kweli nilitaka kucheka. Nilidhani ni nakala tu, nikaenda kulala.

Jana asubuhi nilifungua sanduku kazini, nikaona pengo la ile karatasi halisi.

Niliporudi, Mchungaji wetu alikuwa ameketi sebuleni na faili halikuwepo. Shangazi alikuwa amelikabidhi kwa mtu wa ushirika, hataki kuniambia nani. Jumamosi, pale Wheaton tunapokutana, litachomwa mbele ya wote kwenye jiko la nyama, kabla mbuzi hajawekwa. Ndipo nilipomwelewa. Anataka wale wanaomcheka wamwone akiwasha moto kwa mkono wake.

Nilipiga magoti. Nikawaambia moja si nakala, ni mali ya watu, bosi anarudi Jumatatu kukagua, na kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa kwenye kazi hii.

"Watu wa Efeso nao walikuwa na kazi," Mchungaji alisema. "Walichoma vitabu vyao vya uchawi hivyo hivyo."

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Badala yake nilichukua kijitabu chake cha maombi ya vita dhidi ya pepo, kile kilichomo katika kila nyumba yetu, nikamwonyesha kuwa ni yale yale. Unamtaja pepo kwa jina. Unamfunga kwa jina lililo kuu. Unamwamuru, kisha unamfukuza, na saa za kuomba zimepangwa. Nikamwambia hata yale mafunjo ya Misri yamepangwa hivyo.

Mchungaji alitabasamu. Shangazi hakutabasamu.

"Umemlinganisha mtumishi wa Mungu na mganga, ndani ya nyumba yangu," alisema. "Baada ya Jumamosi utafute pa kukaa."

Nilisema kweli, na ningeikana kweli hiyo yote leo ili nirudishiwe karatasi. Huo ndio ujasiri wangu, ujue unamsaidia mtu wa namna gani.

Kwa hiyo wewe uliye na faili. Usinipigie simu, Shangazi huipokea. Kesho Ijumaa, saa kumi na moja jioni, nitasimama kituo cha treni cha Wheaton, juu kabisa ya zile ngazi za umeme zisizoisha, nimevaa koti la manjano. Ukichelewa nitangoja hadi saa mbili usiku. Usinisalimie. Nipe bahasha, upite.

Nakala ziache ndani, faili libaki linene. Shangazi apate moto wake, mumwone, na mnaomtania muanze kunyamaza.

Nataka moja tu. Ina rangi ya chai ya maziwa, ukingo umeliwa na wadudu, nyota iko pembeni. Ingekuwa yangu ningeiwasha mwenyewe.

Mikono iwe mikavu. Usiikunje.