Suti Nyeupe ya Shujaa wa Watoto

Bi Zamda, shikamoo. Mimi msomaji wako wa Kariakoo naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimebanwa pande zote na wa kumwambia sina.

Mume wangu, Fikirini, ni mwimbaji wa dansi, nawe bila shaka unamjua, maana ndiye yule anayechorwa kwenye katuni ya ukurasa wa watoto kila Jumapili, yule wa suti nyeupe ambaye akipaza sauti anapaa juu ya mabati ya Ilala mpaka Kivukoni, na akiimba mbele ya duka la mlanguzi magunia ya sukari na katoni za sabuni zinatoka zenyewe mafichoni zikicheza dansi mpaka barabarani, watu wakajipatia kwa bei halali. Bi Zamda, sikufichi, naringa. Nikipita sokoni wenzangu wananong'onezana, "Mke wa shujaa huyo," nami kanga naifunga upya na kutembea taratibu ili wanione vizuri, na hata baba yangu, mfanyabiashara wa jumla ambaye alikataa kabisa binti yake wa Kichaga aolewe na mpiga dansi, sasa kurasa zile amezibandika ukutani dukani kwake na kila mteja anaambiwa, "Huyu ni mkwe wangu."

Sasa watoto wa mtaani kwetu, wakiongozwa na Candida, binti wa jirani, wamemjia Fikirini wakamwambia, "Baba, twende ukaimbe dukani kwa babu, sabuni itoke, mama zetu wamechoka foleni," naye akacheka akasema, "Haya, Jumamosi," kwa kuwa kwake huo ni mchezo tu. Lakini babu huyo ni baba yangu, na mimi najua sabuni ipo. Mbele baba anasema imekwisha, jioni anawauzia wenye kumwongezea kitu kwa mlango wa nyuma, na Candida aliuona mkokoteni wa sabuni ukiingia, ila kwa utoto wake anadhani babu kasahau. Na mimi, Bi Zamda, sijapanga foleni siku nyingi. Ile suti nyeupe inayosifiwa mji mzima naifua kwa sabuni ya mlango wa nyuma, na mume wangu anaamini naipata duka la ushirika. Nikimwambia, ataumia. Nikinyamaza, ataimba na watoto watakimbilia stoo, na baba yangu ataumbuka mbele ya mtaa mzima. Nijifanye mgonjwa Jumamosi ili asitoke nyumbani?

Ni mimi, Severa.

BI ZAMDA ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Majina nimeyabadilisha, la kwako pia, na katuni yenyewe nimeigeuza kidogo, kwa hiyo msomaji mwenye kiherehere asihangaike kutafuta duka.

Kwanza, ringa. Wajukuu zangu wanagombania ukurasa ule kabla mimi sijalishika gazeti, na mmoja juzi nilimkuta juu ya kabati na shuka shingoni, anaimba ili apae. Mwanamume anayewafanya watoto waamini kwamba kilichofichwa kinaweza kutoka hadharani anastahili mke wa kutembea taratibu sokoni.

Ila habari ya kujifanya mgonjwa sitaki kuisikia. Unamwonea huruma baba, unamwonea huruma mume, na wale mama wanaoambiwa sabuni imekwisha umewasahau. Wanaisifu suti ya mumeo huku watoto wao wanakwenda shule na mashati yaliyofuliwa kwa maji matupu. Hilo ni lako, usimtwike baba peke yake.

Fanya hivi. Leo hii mwambie Fikirini yote, na la suti uanze nalo. Ataumia, ndiyo, lakini ni afadhali aumie leo kwako kuliko Jumamosi kwa Candida. Kisha nendeni wote wawili kwa mzee. Usimfokee wala usimtishie polisi, huyo ni mzazi wako. Mwambie, "Baba, Jumamosi mkweo anakuja kuimba na watoto wanangoja mlango ufunguke. Tunakuomba uufungue wewe." Sabuni itoke mbele, kwa bei iliyopangwa, wimbo ukiendelea. Mzee aliyezibandika kurasa zile ukutani anatamani sana kuonekana upande wa shujaa, na hiyo ndiyo nafasi yake. Akikataa, Fikirini asiimbe pale, na picha zake aziteremshe ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

Nawe Jumamosi usizunguke nyuma. Panga foleni na mama Candida, subiri zamu yako. Sabuni ikikwisha kabla hujafika, suti ifue kwa maji tu, na usiku mumeo apande jukwaani nayo ikiwa na madoa yake. Siku hiyo, binti yangu, kaa kiti cha mbele, ujivune upendavyo.