Kwa Kaka Gwakisa, Kuhusu Matairi ya Landrova

Kaka yangu Gwakisa,

Habari zako nimezipata kwa shangazi Tusekile, ambaye bado anavuka mto Songwe kupeleka mchele Karonga, ng'ambo ya mpaka, na kurudi na vitenge. Amesema alikukuta sokoni, umekonda, unaendesha lori la mtu. Amesema ulimuuliza habari za mama, ukamuuliza tena, kisha ukaaga. Mimi hukuniulizia, na sikushangaa. Huu ni mwaka wa sita tangu uondoke na hii ndiyo barua yangu ya kwanza. Ninayotaka kukuambia nilipaswa kuyasema siku ile ile, wewe ukiwa umekaa mbele yangu.

Unakumbuka tulivyoileta ile Landrova? Ilikuwa imepigwa mnada baada ya shirika fulani kufunga kazi zake, imekaa juani mpaka rangi ya kijani imegeuka majivu, na kwenye kiti cha dereva kuku alikuwa ametaga. Miaka hiyo ndiyo kwanza watu wameambiwa ruksa kuingiza bidhaa na kuuza. Kabla ya hapo tairi moja tu lilikuwa linaombewa kibali, na likija linakwenda kwa mwenye jamaa ofisini. Sasa vipuri vya mtumba vilikuwa vinaning'inia soko la Bondeni kama mikungu ya ndizi. Uliuza kakao yote ya shamba la marehemu baba kule Makwale tukainunua, ukaniambia, "Wewe fundi, mimi dereva, na mama apate pa kupakia vyungu vyake." Maana mama alikuwa akinunua vyungu vya Wakisi pale Matema na kuviuza Ipinda, na siku zote alisafiri kwa kuombaomba nafasi kwenye magari ya watu.

Masika ya kwanza yalitufundisha adabu. Kati ya Ipinda na Matema tulinasa mpaka maji yakaingia miguuni mwa abiria, na watu wakashuka kusukuma huku wanatusema. Mimi ndiye niliyekuja na wazo la kuinyanyua. Wewe hukulitaka. Nakumbuka ulivyosimama na mikono kiunoni, unaniangalia ninavyoongeza majani ya chuma kwenye springi, majani niliyoyatoa kwenye lori bovu, kisha ninavyofunga yale matairi makubwa ya mtumba ambayo hayakutengenezwa kwa ajili ya gari la namna ile. Nilikata madigadi kwa msumeno wa chuma ili matairi yapate pa kuzungukia. Uliizunguka gari mara mbili ukasema, "Ipyana, hii sasa ni korongo. Miguu mirefu, mwili mdogo. Turudishe ya zamani."

Nikakujibu, "Wewe endesha. Ufundi niachie mimi."

Ukaniachia. Hilo ndilo linaloniuma, kaka. Wewe mkubwa, gari limenunuliwa kwa jasho lako, ukaniachia kwa sababu niliwahi kukaa gereji ya Mbeya mwaka mmoja na nusu.

Na mwanzoni lilitupendeza sote. Maji yaliyowashinda wenzetu sisi tulipita nayo chini ya tumbo la gari. Wanawake wa Ipinda walikuwa wakitupungia, wengine wanashukuru kwa lugha ya kwetu, "Ndaga, bakamu, ndaga fijo!" hata kabla hatujawabeba. Ile gari ilikuwa juu mno kwa mama, basi ukamtengenezea kigoda cha mbao. Kila kituo ulikuwa unashuka, unakiweka chini, unamshika kiwiko, unakirudisha, ndipo unawasha gari. Abiria walikuwa wakilalamika kwamba unachelewesha. Ulikuwa unawajibu, "Mwenye haraka atangulie kwa miguu." Na barabarani ulikuwa hivyo hivyo. Sijapata kuona dereva mpole kama wewe.

Sasa nakuja kwenye lile.

Alhamisi ile jioni tulikuwa tunaosha matope, wewe upande wa kushoto na ndoo, mimi nimelala chini ya gurudumu la kulia la mbele. Usukani ulikuwa umezungushwa mpaka mwisho. Nikaona tairi limegusa mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Kuinyanyua gari kulikuwa kumeuvuta ule mpira ukakazika, na tairi, kwa unene wake, kila ulipokata kona kali lilikuwa likiukwangua. Palikuwa pamelika mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Nikapagusa kwa kidole.

Ukaniuliza kutoka upande wa pili, "Vipi huko?"

Nikasema, "Huku salama."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Haukuwa uvivu. Nilijua ningekuambia ungesema neno moja tu, turudishe matairi ya zamani, na wote walionisifu wangejua kwamba nilikosea. Nikajiambia Jumatatu nitapanda Mbeya kutafuta mpira mrefu zaidi, nitaufunga kimyakimya, yaishe. Jumamosi mkaondoka na mama kwenda Matema.

Yaliyotokea unayajua kuliko mimi. Ninajua tu niliyosimuliwa: kwamba mlikuwa mnarudi, kwamba mliposhuka tuta kuingia lile daraja la mbao watu walikuwa juu ya daraja wametoka sokoni na mizigo, kwamba ulikanyaga breki ikazama mpaka chini. Ukageuza usukani kuingia kwenye mpunga usiwapitie wale watu. Gari la kawaida lingesimama kwenye tope. Letu, kwa urefu niliouongeza, lilipinduka. Abiria wengine walitoka na michubuko. Mama alivunjika nyonga.

Nilipopata habari nilikimbia. Lakini sikukimbilia hospitali, kaka. Nilikwenda kwenye gari. Wewe ulikuwa umeshapelekwa na mama, na pale palikuwa na vigae vya vyungu na watoto wanaoangalia tu. Nilikuwa na spana mfukoni. Nikaufungua ule mpira uliokatika, nikafunga mwingine wa zamani niliokuja nao, na nilipokuwa njiani kwenda kumwona mama ule uliokatika nikautupa mtoni.

Wiki iliyofuata ukoo ukakaa. Baba mdogo akasema, "Umemvunja mama yako kwa mbio zako." Ukasema taratibu, "Breki zilikataa." Watu wakaguna, kila dereva aliyeangusha gari husema breki zilikataa. Baba mdogo akanigeukia mimi. "Fundi, breki zilikuwaje?"

Uliniangalia. Nadhani hukuwa unanishuku hata kidogo. Ulikuwa unanisubiri nikusaidie.

Nikasema, "Zilikuwa nzima."

Uliondoka kabla mama hajatoka hospitali. Watu walisema umekimbia aibu, na mimi nikawaacha waseme.

Siku hizi nina gereji yangu Bondeni. Magari yameongezeka, na wenye magari ya zamani wanakuja kwangu kuyanyanyua na kuyavalisha matairi makubwa, kwa kuwa mvua zetu ni zile zile. Kwenye kila gari naongeza urefu wa mpira wa breki, naweka kizuizi usukani usizungushwe mpaka mwisho, nalala chini yake mara tatu kukagua. Wateja wanasema, "Ipyana ni mwangalifu." Nikisikia hivyo natafuta kitu cha kufanya mikononi.

Mama anatembea na fimbo. Mwezi uliopita, siku ya ushirika wa akina mama, alisimama kanisani akaomba Mungu amsamehe mwanawe Gwakisa kwa ujana wake, kama yeye alivyomsamehe. Nilikuwa benchi la nyuma. Nilitoka nje nikashindwa kurudi ndani. Mchana nikamkuta uani anapepeta mchele, nikapiga magoti, nikamweleza yote, kuanzia tairi mpaka mto.

Aliacha kupepeta. Kisha akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anakwenda polepole?"

Nikasema, "Mama, si ulikuwa naye mbele?"

"Nilikuwa naye," akasema. "Nilikumbuka kwamba alikuwa anakwenda polepole. Nilimwambia baba yenu mdogo, nikamwambia na muuguzi. Wakasema ni maumivu, nimechanganyikiwa. Hata wewe uliniambia hivyo, Ipyana. Nikaamini kwamba sikumbuki."

Hiyo nilikuwa nimeisahau, kaka. Ni kweli nilimwambia hivyo.

Kesho yake alimwita shangazi aje amchukue, na sasa anaishi kwake. Chakula ninachopeleka anakipokea na kushukuru kama anavyomshukuru mgeni. Nimekwenda kwa baba mdogo nikamweleza naye. Aliingia ndani akafunga mlango. Kanisani nimeomba nafasi ya kusema Jumapili ijayo.

Bahasha hii sikuifunga makusudi. Shangazi ataisoma, na yeyote atakayeipokea Karonga kabla yako ataisoma. Wale waliosikia kwamba wewe ulimvunja mama yako wasikie na hili.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ninaomba uje umwone mama. Kila gari linaposimama kwa shangazi anachukua fimbo yake anakwenda mlangoni. Tuma neno kwa shangazi siku utakayovuka. Kama hutaki kuniona, siku hiyo nitakwenda Mbeya asubuhi na sitarudi mpaka utakapokuwa umeondoka. Ukitaka nibaki, nitabaki, useme utakayo.

Mungu akulinde huko njiani, kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Ipyana