Makofi Mbele ya Duka Lililofungwa

Sabirin, uko?

Leo mwalimu wa biashara alileta darasa letu zima dukani kwangu, hapa Garissa. Eti niwaonyeshe jinsi mwanafunzi anavyovuta wateja. Nikaeleza yote: kupima sukari kidogo kidogo, kupeleka bidhaa hadi nyumbani, kushusha bei kuliko jirani.

Jirani! Na unajua ni nani. Habaryar Hinda, dada yake mama, aliyenilea mama alipofariki.

Mwalimu akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye duka la Habaryar, alilolifunga juzi kwa kukosa wateja. "Mmeona? Huo ndio ushindani." Wakapiga makofi. Sabirin, walipiga makofi!

Na Habaryar mwenyewe alikuwa amekaa palepale mlangoni. Alisikia kila kitu.

Walipoondoka nikavuka. "Habaryar, njoo tuuze pamoja. Duka ni letu."

Hakukasirika. Heri angenitukana. Akaniuliza kwa upole tu, "Rukiyo, walipopiga makofi, ulifurahi?"

Akaingia ndani.

Sasa wateja wanakuja, nawahudumia, lakini swali lake halinitoki masikioni.

Kwa sababu nilifurahi, Sabirin. Wallahi nilifurahi.