Wawili Walitoka, Wawili Watarudi

Voi

Ndugu yangu Odongo,

Omera, ndugu wa damu, nakusalimu wewe na wote wa boma la baba yetu huko Rangwe. Nakuandikia kwa Kiswahili badala ya Kijaluo chetu kwa kuwa atakayekusomea ni mke wa marehemu mwanao, naye ni binti wa Kikuria kutoka upande wa Ogwedhi. Mama Apiyo, humu mna habari za binti zako. Soma polepole, wala usiruke mahali, hata mzee akikuambia unyamaze.

Macho yanaendeleaje? Nasikia sasa unatambua mchana kwa joto lake tu. Mimi figo zinanisumbua, na vumbi jekundu la huku limeingia mpaka ndani ya vitabu. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho ulisikia jina la Adongo ukamrudishia mkweo simu yake.

Basi sikiliza. Wajukuu zetu, Apiyo aliyezaliwa kwanza na Adongo aliyemfuata, kama mimi na wewe, waliitwa wote wawili kwenye usaili wa chuo cha wauguzi hapa Voi. Uwanja ulijaa wasichana, wengine wameletwa na baba zao, wengine na wachungaji wao. Nilikaa kwenye benchi karibu na mlango uliokuwa wazi, nikasikia yote. Waliitwa mmoja mmoja. Jina la Apiyo lilipotajwa, Adongo naye akainuka. Tangu wazaliwe hakuna aliyewahi kumwita mmoja akamaanisha mmoja. Wakaingia pamoja.

"Tumeita mmoja," alisema mama aliyeongoza jopo.

"Sisi ni mapacha, madam," Apiyo akajibu, kana kwamba hilo linamaliza maneno.

Wakacheka. Mwanamume mmoja akauliza, "Sasa mtagawana kitanda? Huyu asome asubuhi, yule jioni?"

"Ikibidi, sir," akasema Adongo.

Wakacheka zaidi. Kisha yule mama akawaambia kwa upole kwamba eneo la kwao lilikuwa na nafasi moja. "Moja tu, wanangu."

Matokeo yalipotoka, jina lililobandikwa ukutani lilikuwa la Adongo. Walipishana alama kidogo mno. Apiyo alilisoma, akamkumbatia mwenzake, akasema, "Basi wewe ndiye utanidunga sindano nikizeeka." Akacheka njia nzima. Tulipopakua chakula nyumbani kwangu, akatoa sahani ya pili kabatini, akaketi nayo mlangoni. Watoto hao wamekula sahani moja tangu kunyonya. Sijamsikia akicheka tena.

Ndipo neno lako likafika: ama wasome wote, ama warudi wote.

Nalijua neno hilo, Omera. Ni la baba. Sisi wawili tulipoomba ualimu nikachukuliwa mimi peke yangu, alisema pacha hapewi kitu ambacho mwenzake hana, na kwamba nikitoka, nitoke kabisa. Nilitoka kabisa. Ulisimama langoni ukinitazama mpaka nikapotea. Baba alipozikwa sikuitwa. Najua pia wanavyosema hapo nyumbani, kwamba macho yako yalikwenda nami. Daktari alisema ni presha ya macho. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo na sijapata hata kimoja cha kukunyamazishia watu hao, wala cha kuninyamazisha mimi ninapokukumbuka.

Lakini sikuwarudisha.

Mama Apiyo, ulishona sare mbili, ukanunua viatu jozi mbili na mabeseni mawili. Siku moja kabla ya kuripoti, Adongo aliitazama sare yake kitandani, akaniambia, "Babu, mtu huvaaje peke yake?" Apiyo alikuwa akipiga pasi ile nyingine, sijui kwa nini. Hakuinua kichwa. "Vile watu wengine huvaa," akasema. "Mkono mmoja, halafu wa pili."

Kesho yake tulimsindikiza. Langoni wakashikana mikono kama walivyozoea, na foleni ikasimama nyuma yetu. Askari akasema, "Dada, ingia ama utoke, nafunga." Adongo akanigeukia: "Babu wa Rangwe akiniita, nitatoka." Hakuwa akitania. Bado yuko tayari kutoka, na nafasi yake ina msichana anayeisubiri. Ni Apiyo aliyeachilia mkono kwanza.

Tangu hapo Apiyo hali chakula vizuri. Sanduku lake limejaa vilevile mama yake alivyolifunga. Nilimwuliza anataka nini. Akasema, "Kwenda nyumbani. Lakini siwezi kupita langoni peke yangu. Wataniuliza nimemwacha wapi."

Kwa hiyo nakuja naye. Tutapanda basi Ijumaa ijayo mpaka Rongo, kisha tutashika njia ya Asumbi. Boma hilo liliaga pacha wawili, nalo litapokea pacha wawili: Apiyo na mimi. Kama kuna la kulipwa kwa sababu ya kutenganishwa, na lihesabiwe juu yangu, nimezoea. Ila usimwite Adongo arudi.

Jambo jingine. Sina nyumba hapo. Mwanamume asiye na nyumba kwao akifa hujengewa kibanda haraka, ndipo mwili uingizwe bomani. Nijengee sasa, hata cha mabati chakavu, ningali naweza kuona mlango wake umeelekea wapi.

Nisalimie shemeji yangu, mkeo, aliyenitumia dagaa wa omena kila alipopata msafiri, bila kukuambia. Msalimie fundi wa baiskeli pale sokoni, binamu yetu, kama angali hai, na katekista mzee aliyetufundisha kusoma kwenye kitabu kimoja, mimi upande huu, wewe upande ule.

Mama Apiyo, kama umefika hapa na mzee amenyamaza, usimwulize kitu. Mrudishe pale langoni pa chuo, umsomee tena nani aliyeachilia mkono kwanza.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Opiyo