Shemeji, Walitunyang'anya Jumamosi

Mpendwa shemeji,

Bado nakuita hivyo, na atakayeuliza kwa haki gani, nitamjibu hapa hapa mbele ya wasomaji. Hukumwoa dada yangu Sifa. Uchumba wenu ulivunjika, ukapanda meli ya Kigoma, na tangu hapo Kalemie haijakuona. Lakini jina nililokupa tukiwa vijana wawili wenye mafuta meusi kwenye kucha sitalichukua tena.

Nakuandikia nikiwa na hasira, na unanijua, sijui kuandika vinginevyo. Sasa vyama vingi vimeruhusiwa na sisi wa magazeti tumefunguliwa midomo, lakini wanaosema kwa sauti kubwa ni wale wanaosikitikia zamani. Juzi mmoja wao, mtu aliyesoma, alinisimamisha karibu na posta akaniambia kwamba tunazidisha malalamiko. Wakati ule, alisema, watu walifanya animasyo, zile ngoma za chama za kumsifu Kiongozi, wakaimba pamoja, nchi ikawa moja. "Ilikuwa kucheza tu, Papa. Muntu anaweza kuumizwa na kucheza?"

Nilimwacha pale nikaenda zangu. Jibu la swali lake lilikuwa refu mno kusemwa barabarani. Nalileta kwako, kwa sababu jibu ni wewe.

Unakumbuka garaji yetu ya motere za mashua, pale chini karibu na mto unapotoka ziwani? Tulikuwa tumemaliza shule ya ufundi, tuna diploma, tuna mishahara, na tulijiona watu. Mimi nilichora vipande vya chuma vya kuchongwa, wewe ulifungua motere na kuzifunga. Mama Feza, mhasibu, alikaa nyuma ya dirisha lake dogo akitukana kila aliyeingia na viatu vichafu, kisha akimpa chai. Wewe alikuita Daktari, kwa sababu uliinamisha sikio kwenye motere kama daktari juu ya kifua cha mgonjwa, na hukutaka mtu aseme mpaka umemaliza kusikiliza.

Na Jumamosi! Saa sita mchana Mugiriki mwenye garaji alifunga mlango mkubwa, nasi tukanawa mikono kwa mchanga na sabuni ya unga mpaka ngozi ikauma. Tulikula mukeke, samaki wetu wa ziwa, wa kuchoma kwa yule mama wa sokoni, tukaoga ziwani, tukavaa mashati yetu yaliyopigwa pasi. Jioni tulienda kwenye baa yenye pikapu ya kupiga sahani za muziki, na hapo shemeji yangu alikuwa muntu mwingine. Mimi nilicheza kama anayehesabu matofali. Wewe ulicheza kama usiye na mifupa. Watu waliacha chupa zao mezani wakusogelee. Hukucheza kwa ajili yao. Nadhani hata hukuwaona. Wiki nzima ulisikiliza vyuma, na Jumamosi mwili wako ulikuwa na zamu yake ya kusema. Dada yangu alikupenda pale, katikati ya rumba ndefu. Nilikuwepo, nilishika koti lako.

Halafu Mugiriki akanyang'anywa garaji na serikali, ikapewa mwananchi wa kweli. Huyo mwananchi wa kweli hakuwa amewahi kushika spana. Alikuja na abakosti mpya, ile suti ya chama isiyo na tai, akazunguka mashine zetu akiwa ameweka mikono nyuma, na swali lake la kwanza lilikuwa kama tuna kikundi cha animasyo. Hatukuwa nacho. Alisikitika kama mtu aliyekuta nyumba haina choo.

Tangu siku hiyo Jumamosi ilikufa. Asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya lazima isiyo na malipo: tulifagia mitaro na kukata majani tukihesabiwa na kijana wa chama. Mchana, badala ya mukeke na ziwa, ilikuwa mazoezi ya animasyo uani mwa garaji, chini ya jua, huyo patroni mpya akipuliza filimbi. Kulipokuwa na mkubwa wa kupokelewa, mazoezi yalikula hata siku za kazi. Mashua za Moba zilisubiri, wenye mashua walikaa juu ya magunia yao, na wewe, fundi pekee aliyejua kuzifufua, ulikuwa uani ukiimba sifa za Kiongozi. Patroni alikuwa ameshasikia habari za Jumamosi zako. Alikuweka mustari wa kwanza, katikati. Akakufundisha kutabasamu.

Mama Feza aliuliza siku moja, kwa sauti ya heshima kabisa, ile motere ya Moba iliyolala wazi mezani itacheza mustari wa ngapi. Tulicheka mpaka filimbi ikatuzima. Wewe hukucheka. Hapo ndipo nilipaswa kuona kwamba kitu kinaondoka kwako, maana hata pikapu ya baa ulikuwa umeanza kuikwepa. Ulisema umechoka. Nani hakuchoka?

Naja sasa kwenye Jumapili ile, na hasira yangu inapanda ngazi tena.

Ilikuwa siku ya kuonyesha muchumba. Uwanja wa nyumbani kwetu ulijaa, wakubwa wako walitoka Kiambi, baba yangu alikaa mbele na kofia yake. Kwetu, shangazi humtoa msichana wamemzunguka, humwacha peke yake katikati ya uwanja, na muchumba huinuka akacheza mpaka alipo, amchukue. Asipoinuka, amemkataa mbele ya watu. Kila mtu alikuwa anangoja kitu hicho kimoja. Kalemie nzima ilijua unavyocheza.

Patroni alikuwa amealikwa, kwa sababu usipomwalika patroni hakuna kazi kesho yake. Sifa alitoka katika vigelegele. Shangazi wakarudi nyuma. Ngoma ikabadilika, nawe ukaanza kuinuka. Nilikuwa karibu, niliona magoti yako yakinyooka. Ndipo mtu yule, ameshiba na kufurahi, akapiga makofi na kukuitia kutoka kitini: "Mustari wa kwanza, simama! Na meno tuyaone!"

Watu walicheka. Ulikuwa utani, nakubali. Ukakaa.

Ngoma iliendelea, ikarudia, ikaendelea. Dada yangu alisimama pale, mikono imelegea, akitazama kiti chako. Kelele zile zilikuwa zimemziba masikio. Hakusikia alichosema patroni, aliona tu kwamba umekaa. Mwishowe shangazi mmoja alikuja kumfunika kitambaa na kumrudisha ndani. Baba yangu aliinuka bila kuaga wakubwa wako.

Walisema mengi. Kwamba una mwanamke Kabalo. Kwamba mahari ilikushinda. Uliniambia ukweli bandarini tu, mguu mmoja tayari kwenye daraja la meli. "Shemeji, miguu si yangu tena. Nikiinuka, naenda kumuchezea ule patroni." Nilikimbia kumwambia baba. Alinijibu kwamba muntu mwenye akili haachi mwanamke kwa sababu ya mambo ya biro, ya kazini. Sifa alikuwa ameshapelekwa Manono kwa baba mdogo, akaolewa huko, na katika nyumba ya mume jina la muchumba wa zamani halitajwi. Nilinyamaza miaka hii yote, mimi nisiyenyamazia kitu.

Mwezi uliopita niliozesha binti yangu. Animasyo imekufa, patroni amekufa, garaji ni kuta na majani. Muziki ulikuwa mzuri na bia ilikuwa baridi. Shemeji, nilitazama viti vya wanaume wa umri wetu. Hakuna aliyetuamuru, na hakuna aliyeinuka. Tulipiga makofi kwa mpigo mmoja, sawasawa, kama tulivyofundishwa. Yule bwana wa posta alikuwa kati yetu, naye alikaa. Hiyo ndiyo nchi moja anayoisikitikia.

Sifa alikuwa amekuja kutoka Manono. Mume wake ameshatangulia, Mungu amweke pema, naye sasa anauliza anachotaka. Aliniuliza juu ya ile Jumapili. Nikamweleza yote: uani, filimbi, meno, maneno yako bandarini. Nilitegemea alie au anitukane. Alikunja na kukunjua kitambaa chake.

"Angeniambia, yaya," alisema, kama anavyoniita mimi kaka yake tangu utoto. "Ningeenda kukaa naye pale."

 Nimeitoa barua hii gazetini kwa sababu sijui nyumba yako Kigoma, na magazeti yetu huvuka kwa meli yakiwa yamefungiwa samaki. Gazeti likikufikia limelowa, soma mstari huo mmoja wa Sifa, mengine yote ni hasira yangu tu. Sifa yuko nyumbani kwangu mpaka mvua ziishe. Kiti kipo.

Kaa vizuri huko ng'ambo, nasi tunakusubiri huku,

Shemeji yako, hata bila arusi